Mafua Yamekwisha, Mbona Kilima Kinanishinda?

Kutoka kituo cha bajaji hadi nyumbani kwangu, upande ule wa Mbeya unaopanda kuelekea mlima Loleza, ni mwendo wa dakika 12. Nimeupanda miaka mingi, mfuko wa viazi mkono huu, mwavuli mkono ule, bila kuufikiria. Mwezi wa sita, baridi ilipokolea, nikapatwa na mafua ya virusi: homa, viungo kuuma, kikohozi kikavu, siku 9 kitandani. Siku ya 13 nilijiona mzima. Homa hakuna, ugali unapita. Nikashuka mjini, nikamaliza shughuli zangu, nikaanza kupanda. Nilifika nyumbani baada ya nusu saa. Nilisimama njiani mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimeushika mkaratusi ulio kwenye kona, moyo ukinidunda hadi masikioni. Mama mmoja mwenye ndoo kichwani akanipita, akageuka: "Pole baba. Hebu kaa kwanza."

Nikaamini mapafu yangu yameharibika. Sisi tuliopita mwaka 2020 na 2021, tuliosikia kila msiba ukitajwa kwa maneno "changamoto ya upumuaji", pumzi ikikata kidogo tu woga unatangulia mbele ya akili. Nilianzia duka la dawa, nikauziwa antibayotiki za siku tano, ambazo haziui virusi wala hazimrudishii mtu nguvu. Baadaye nilikwenda hospitali. Daktari akasikiliza kifua, akapima wingi wa damu, akahesabu mapigo ya moyo nikiwa nimelala na nikiwa nimesimama, akaagiza picha ya kifua. Picha ikatoka safi. Akaniambia, "Mzee, mapafu hayana neno. Nguvu ndiyo imeshuka. Itarudi, ila usiikimbize."

Sentensi hiyo imenichukua miezi kuielewa. Mapafu hayana neno, halafu pumzi inakata? Nimesoma na kuuliza sana tangu siku ile, na ninaandika kwa sababu nyanda zetu hizi za juu zimejaa watu wanaotoka kitandani kila baridi inapopita, na wengi wanakosea kwa upande mmoja au mwingine: ama wanajilaza miezi mitatu kwa hofu, ama wanarudi kubeba magunia siku homa inaposhuka.

Matofali ya ghorofani

Tukisema fulani hana pumzi, tunanyoosha kidole kifuani. Lakini pumzi ni safari, na kifua ni kituo cha kwanza tu. Umewahi kuona vijana wakipokezana matofali kutoka kwenye lori hadi juu ya ghorofa? Mmoja yuko kwenye lori, mwingine ngazini, mwingine juu kabisa karibu na fundi. Fundi akikosa matofali, huwezi kujua kwa kumtazama yeye ni nani aliyelegea huko chini.

Kwenye lori yako mapafu. Ndani yake mna vifuko vya hewa vidogo mno, mamilioni 300 hadi 500, ambavyo ukivitandaza vyote vinafikia mita za mraba 70 hivi, kama sakafu ya darasa zima la shule ya msingi. Ukuta wa kila kifuko ni mwembamba kiasi kwamba oksijeni inapenya upande wa pili na kuingia kwenye damu. Hapo inapokelewa na himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu. Lita moja ya damu nzima hubeba takriban mililita 200 za oksijeni. Kisha moyo unasukuma. Mtu mzima akiwa ametulia, moyo wake husukuma kama lita 5 kwa dakika. Akijitahidi sana kwenye kilima, unaweza kufika lita 20. Mwisho wa safari ni msuli wa paja, ambako mishipa myembamba kuliko unywele inaikabidhi oksijeni kwa mitokondria, majiko madogo mno yaliyo ndani ya chembe za mwili, yanayounguza chakula na kutoa nguvu.

Ukiwa umekaa kibarazani unatumia kama mililita 250 za oksijeni kwa dakika. Ukianza kupanda mlima na mzigo, mahitaji hayo yanaweza kuzidi mara nane, mara kumi. Wote waliopanga mstari lazima waongeze kasi kwa pamoja.

Kwa mtu mwenye afya, mapafu ndiyo yenye akiba kubwa kuliko wengine wote mstarini. Kuna watu walioondolewa pafu zima kwa upasuaji na wanatembea, wanafanya kazi zao. Wanaochoka mapema kwa kawaida ni wale wa mbele: damu, moyo, na hasa misuli. Kwa hiyo virusi vikishambulia njia ya hewa, madhara ya kifuani yanaweza kupona kabisa huku wengine mstarini wakiwa bado wamelala.

Kitanda kinakula

Kilichonishangaza zaidi katika kusoma kwangu ni jaribio lililofanyika Dallas, Marekani, mwaka 1966. Vijana watano wenye afya, wa umri wa miaka 20, walilazwa kitandani wiki 3. Hawakuwa na homa, hawakuwa na virusi, walilala tu. Walipoamka, uwezo wa miili yao kutumia oksijeni wakati wa jitihada kubwa ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo. Kisha wakafanya mazoezi kwa wiki zipatazo 8, wakarudi walipokuwa na hata kupita. Miaka 30 baadaye watafiti waliwatafuta wanaume walewale, sasa wana miaka 50 na vitambi vyao, wakawapima tena. Hakuna hata mmoja ambaye miaka 30 ya uzee ilikuwa imemshusha chini kama zile wiki 3 za kitanda.

Kwa nini kulala kunaharibu hivyo? Linaloanza ni maji ya damu. Ukisimama, damu huvutwa miguuni, na mwili hutunza maji ya kutosha kuhimili hali hiyo. Ukilala siku kadhaa, mwili unaona maji hayo ni ya ziada, figo zinayatoa. Ndani ya siku chache tu sehemu ya maji ya damu imepungua, na moyo unapojaa unajaa kidogo. Tuseme ulikuwa ukisukuma mililita 70 kila pigo. Mapigo 72 kwa dakika yanatosha kutoa lita 5. Sasa kila pigo linatoa 55. Ili lita 5 zilezile zifike, moyo unahitaji mapigo 91. Hapo hujatoka hata kitandani. Ukisimama ghafla macho yanaona giza, ukipanda ngazi moyo unakwenda mbio. Moyo wenyewe hauna ugonjwa. Unafanya kazi ya ziada kwa sababu unapewa damu kidogo kila pigo.

Misuli nayo inapungua, na homa inaiunguza zaidi, hasa kama ulikuwa unakunywa uji kikombe kimoja kwa siku. Mitokondria zinapungua. Hapa ndipo penye jibu la swali lililonisumbua. Msuli usio na mitokondria za kutosha unakimbilia mapema njia ya dharura ya kupata nguvu, njia inayozalisha asidi. Damu ikielekea kwenye asidi na hewa ukaa ikiongezeka, ubongo unaamuru: hema! Mfumo wetu wa kuhema husukumwa zaidi na hewa ukaa na asidi kuliko na upungufu wa oksijeni. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa anatweta kama aliyefukuzwa na mbwa, na kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni kikasoma 95. Kipimo hakidanganyi, na yeye hajifanyi. Paja lake ndilo linalolalamika, na mlalamikiwa ni kifua.

Hewa ya Mbeya si hewa ya Kyela

Vitu vingi vinavyoandikwa kuhusu kupona kifua vimeandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Sisi hatuko huko. Mji wa Mbeya uko kwenye mita 1,700 hivi, Njombe iko juu zaidi, na uwanda wa Kitulo unafika mita 2,600. Hewa ya juu ina oksijeni asilimia 21 kama ya Dar es Salaam, lakini imetawanyika: mgandamizo wa hewa Mbeya ni kama asilimia 82 ya ule wa pwani, na Kitulo kama asilimia 73. Kila pumzi unayovuta Uyole ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ile ile ingevutwa Kigamboni.

Mwili uliozaliwa au kukaa huku umezoea. Unahema zaidi kidogo na una chembe nyekundu nyingi zaidi. Kwa hiyo mwenyeji mzima halihisi jambo hili. Lakini mtu akiugua akiba yake yote inatumika, na ule upungufu mdogo uliokuwa umefunikwa unajitokeza. Kijana aliyeugulia Kyela, kwenye mita 500 karibu na ziwa, akajiona amepona, halafu akapanda basi kurudi chuoni Mbeya, asishangae kilima cha hosteli kikimlaza. Hajaugua upya.

Hili lina maana pia kwenye kusoma kipimo cha kidole, ambacho siku hizi watu wengi wanacho nyumbani. Kwenye karatasi yake imeandikwa kwamba kawaida ni 95 hadi 100. Kwa Mbeya, 94 kwa mtu aliyetulia inaweza kuwa kawaida yake. Lililo muhimu ni kujua namba yako ukiwa mzima, ili siku ukiugua uwe na cha kulinganisha. Chini ya 90 ukiwa umekaa umetulia mjini Mbeya ni safari ya hospitali, wala usisubiri asubuhi. Na kuna mambo mawili ambayo ningependa kila mwenye kipimo hicho ayajue. Vidole vya baridi, kama vyetu vya mwezi wa saba, hufanya namba isome chini kuliko ukweli. Pasha mikono kwanza. Pia imethibitishwa kwamba vipimo hivi kwa watu wenye ngozi nyeusi wakati mwingine husoma juu kuliko ukweli. Kwa hiyo mgonjwa akionekana anazidiwa, amini macho yako kabla ya namba.

Kisha kuna jiko la mkaa chumbani. Ninajua kwa nini linaingizwa. Nimelala Makete usiku wenye sakitu, najua. Lakini mkaa unaoungua kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikana na himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Inakaa kwenye kiti cha oksijeni na haiondoki upesi. Mgonjwa anayepona, ambaye damu yake tayari ni chache, anaamka na kichwa kinauma, amechoka, moyo unakimbia, watu wanasema mafua yamerudi. Na kile kipimo cha kidole cha kawaida hakiwezi kutofautisha: kitasoma 98 wakati nusu ya mzigo ni sumu. Kila baridi familia zinapotea hivyo usingizini. Mpeni mgonjwa blanketi la pili, chupa ya maji ya moto miguuni, chumba cha katikati ya nyumba. Jiko libaki nje.

Wakati ambapo si uchovu wa kitanda

Mpaka hapa nimeeleza hali ya wengi, ambayo dawa yake ni kutembea. Lakini kuna watu ambao kuwaambia "fanya mazoezi, utapata nguvu" ni kuwaweka hatarini, na hao lazima wajulikane kwanza.

Wa kwanza ni wale ambao virusi vimeingia kwenye msuli wa moyo wenyewe, au kinga ya mwili katika kupigana nao imeuumiza. Virusi vya mafua makali, vya UVIKO na vingine kadhaa vinaweza kufanya hivyo, hata kwa kijana wa miaka 20 mwenye kifua cha mchezaji. Moyo wenye uvimbe ukilazimishwa kukimbia, umeme wake unaweza kuvurugika ghafla. Baadhi ya vijana wanaoanguka uwanjani na kufa huwa na hali hii. Dalili za kumshtua mtu ni maumivu ya kifua, mapigo yanayoruka au kukimbia ukiwa umekaa tu, kuzimia au kukaribia kuzimia wakati wa jitihada, miguu kuvimba, na pumzi kukata kupita kiasi kulingana na kazi yenyewe. Mwenye dalili hizi aache mazoezi siku hiyo hiyo, apimwe umeme wa moyo na ikibidi eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Ikithibitika, wataalamu huagiza miezi 3 hadi 6 bila mazoezi makali. Kwa mchezaji wa ligi ya mtaa inasikika kama kifungo, najua.

Wazee wetu wenye presha na sukari wana hatari ya namna nyingine. Utafiti uliofanyika jimbo la Ontario, Kanada, na kutolewa mwaka 2018, ulionyesha kwamba katika siku 7 baada ya kuthibitika kuwa na mafua ya influenza, uwezekano wa kupata shambulio la moyo ulikuwa mara 6 ya ulivyo siku nyingine. Bibi anayeacha vidonge vya presha kwa sababu "ninakunywa dawa za mafua kwanza" anajivua ngao katikati ya vita. Aendelee navyo, na akisikia kifua kinabana kama kimewekewa jiwe, maumivu yakipanda shingoni au kwenye mkono, asipewe tangawizi asubiri. Apelekwe.

Kundi jingine limenigusa karibu. Jirani yangu, mwalimu, aliugua wiki ileile niliyougua mimi. Mimi kila nilipotembea kidogo, wiki iliyofuata nilitembea zaidi. Yeye alitembea hadi sokoni na kurudi vizuri tu, akacheka, akasema amepona. Kesho yake jioni akaanguka kitandani, mwili unauma, kichwa kizito, hawezi hata kusahihisha madaftari. Akapumzika siku tatu, akapata nafuu, akajilazimisha tena, ikawa vilevile. Watu wakaanza kumwita mvivu. Hii ni hali inayojulikana: kudhoofika kunakokuja saa 12 hadi siku 3 baada ya jitihada, ya mwili au ya akili. Hutokea kwa baadhi ya watu baada ya UVIKO na maambukizi mengine ya virusi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2021 maelezo rasmi ya hali ya baada ya UVIKO, kwamba dalili zipo miezi 3 tangu kuugua na hudumu angalau miezi 2 bila sababu nyingine, na uchovu umo. Kwa mtu kama mwalimu huyu, kuongeza mazoezi kila wiki kwa nguvu humzidishia. Anatakiwa kuishi ndani ya uwezo wake: kazi kidogo, kupumzika kabla ya kuchoka, kuandika ni kiasi gani kilimwangusha ili asikifikie tena, na kupanda taratibu sana pale tu mwili unaporuhusu. Kumwita mvivu ni dhuluma.

Wengine mapigo yao hupanda kwa 30 au zaidi ndani ya dakika 10 za kusimama tu na hayashuki, na wanahisi kizunguzungu. Ndiyo sababu daktari alinihesabu nimelala kisha nimesimama. Hilo nalo lina tiba yake, usikae nalo kimya.

Na kikohozi. Baada ya virusi, njia za hewa hubaki na wekundu na wepesi wa kushtuka. Vumbi, moshi wa kuni, hewa baridi ya alfajiri, vyote vinakuamsha kukohoa. Kikohozi hicho kinaweza kuendelea wiki 3 hadi 8 na kuisha chenyewe. Lakini tuko Tanzania, na kifua kikuu kipo. Hapa kwetu kikohozi cha wiki 2 au zaidi ni sababu ya kupima makohozi, na huduma hiyo ni bure. Usijiambie ni mabaki ya mafua. Homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito na damu kwenye makohozi havihitaji kusubiri hata hizo wiki 2. Vilevile upungufu wa damu: mama aliyejifungua karibuni, au mwenye hedhi nzito, au aliyetoka kuugua malaria, anaweza kuwa na mapafu na moyo imara kabisa lakini hana himoglobini ya kubeba. Kipimo cha damu kinapatikana mpaka kwenye vituo vya afya vidogo, na kwa maoni yangu ndicho kipimo kinachosahaulika zaidi katika jambo zima hili.

Kurudi kilimani

Ikiwa huna dalili hizo, unarudije? Kwanza subiri. Ukiwa na homa au mwili mzima unauma, hakuna zoezi. Madaktari wa Uingereza walioandika kuhusu kurudi mazoezini baada ya UVIKO walishauri angalau siku 7 bila dalili, halafu wiki 2 za jitihada ndogo mno kabla ya kuongeza chochote. Kama ilikuwa nimonia, mwongozo wa Uingereza unampa mgonjwa picha ya safari ndefu zaidi: homa iishe ndani ya wiki 1, maumivu ya kifua na makohozi yapungue sana kufikia wiki 4, kikohozi na kuhema wiki 6, uchovu unaweza kubaki hata miezi 3, na wengi wawe wamerudi kawaida kwa miezi 6. Nilipoisoma ratiba hiyo nilipumua. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba miezi 3 si ajabu.

Kipimo cha ukali wa zoezi hakihitaji saa ya bei. Ni mdomo wako. Ukitembea na unaweza kuzungumza sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko mahali pazuri. Ukiweza kuimba pambio mpaka mwisho, unaweza kuongeza kidogo. Ukilazimika kukatiza maneno, punguza. Mimi nilianza kwenye uwanja wa mpira wa shule, kwa sababu ni tambarare na mji wetu una tambarare chache. Dakika 10 asubuhi, jua likishachomoza, si alfajiri ya umande. Wiki moja hivyo, kisha 15, kisha 20. Kilima nilikiacha wiki tatu nzima. Nilipanda bajaji bila aibu.

Nyumbani nilitumia kigoda. Kaa, simama bila kushika kitu, kaa tena, hesabu umefanya mara ngapi kwa dakika 1. Ni zoezi la mapaja na ni kipimo kwa wakati mmoja, na mapaja ndiyo yaliyokuwa yakinihemesha. Niliweka daftari pia: kila asubuhi kabla ya kuinuka, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, mapigo kwa dakika nzima. Wiki ya kwanza yalikuwa 88. Siku yakipanda kwa mapigo 10 juu ya yale ya jana yake, nilijua mwili haujamaliza kazi ya jana, nikapumzika.

Kuna jambo la kupumua lenyewe. Baada ya wiki za kukohoa, watu wengi wanazoea kuvuta pumzi fupi za juu, mabega yakipanda, huku kiwambo, ule msuli mkubwa unaotenganisha kifua na tumbo, kikikaa bure. Lala chali, mkono juu ya kitovu, vuta kwa pua hadi mkono uinuke, toa polepole kwa midomo iliyobanwa kama unayepoza chai ya Rungwe kwenye kikombe cha bati. Dakika 5, mara mbili kwa siku. Ukiwa kilimani na pumzi imekata, inama kidogo, shika magoti au ukuta, toa hewa hivyo hivyo. Kutoa ndiko kunakosahaulika. Kila mtu anahangaika kuvuta. Nyungu haina kazi hapa. Mvuke haurudishi nguvu ya msuli, na maji ya moto yameunguza watoto wengi.

Ninajua kwamba wengi watakaosoma hapa hawana nafasi ya kutembea uwanjani dakika 10. Kazi yao yenyewe ndiyo jitihada kubwa. Kulima matuta ya viazi Umalila ni zoezi zito kuliko kukimbia pole pole, na anayepakia lumbesa Mwanjelwa analipwa kwa gunia, si kwa siku. Kumwambia huyo apumzike wiki 3 ni maneno matupu kama familia haimsaidii. Lakini kazi inaweza kukatwa. Palilia dakika 20, kaa 10. Lima asubuhi, mchana acha. Chota maji kwa ndoo ya lita 10 mara mbili badala ya ile ya 20 mara moja; moyo unaona tofauti kubwa kati ya hizo, ingawa maji ni yale yale. Kubeba kichwani ukipanda ndicho kitu cha mwisho kurudia, baada ya kupanda mikono mitupu bila kusimama. Mume aliyepona mapema amchotee mkewe maji, na ndugu wapakiaji wampe mwenzao aliyetoka kuugua kazi ya kushona magunia kwa wiki mbili.

Na ukiona wiki 6 zimepita hupati hata nafuu kidogo, au ulikuwa unapanda sasa unashuka, nenda ukaonane na daktari, na usimwambie tu "kifua kinanibana". Mwambie uliugua lini na homa iliisha siku gani. Mwambie kabla ya kuugua ulikuwa unapanda wapi bila kusimama, na sasa unasimama wapi. Mwambie kama pumzi inakata wakati wa kazi yenyewe au unaanguka kesho yake. Mwambie mapigo yako ya asubuhi, na kama unalala na mito miwili kwa sababu ukilala chali unakosa hewa. Mwambie unapikia nini na mkaa unaukoka wapi. Mimi nilipotaja ule mkaratusi wa kwenye kona, daktari alicheka, akaacha kalamu, akasema anaujua; kisha akaniuliza mapigo yalikuwa mangapi nilipofika chini yake.